Moyo Ukienda Mbio Ghafla: Hesabu, Andika, Nenda Zahanati

Haya ni mazungumzo ya tabibu wa zahanati mbele ya wahitimu wa kisomo cha watu wazima.

 

Leo nimekuja kuzungumza nanyi juu ya moyo. Sisemi juu ya moyo wa upendo, wala moyo wa subira. Nasema juu ya moyo huu wa nyama ulio kifuani, unaodunda usiku na mchana bila kupumzika.

Wazee mliopo hapa mnakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Hawakusikiliza tu wakaondoka. Na sisi leo tufanye vivyo hivyo. Tusikilize, halafu kila mmoja aondoke hapa akiwa anaweza kufanya jambo moja: kuhesabu mapigo ya moyo na kuyaandika.

Mtasema, "Je, kuandika kunatibu?" Ngojeni kidogo. Nitawaonyesha kwamba katika ugonjwa mmoja, karatasi na kalamu vinaweza kumwokolea mgonjwa miaka mingi ya taabu.

MOYO HUFANYA KAZI GANI?

Hebu kunja ngumi yako. Moyo wako ni mkubwa kiasi hicho. Kazi yake ni kusukuma damu. Damu hubeba hewa safi na chakula, huvipeleka kichwani, mikononi, miguuni, kila mahali.

Kila moyo unaposukuma, tunasikia pigo moja. Mtu mzima aliyetulia, moyo wake hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika. Tuseme wako unapiga mara 70. Haya, tupige hesabu. Mara 70 kwa dakika ni mara 4,200 kwa saa. Kwa siku nzima ni mara 100,800. Hiyo ni kazi ya siku moja tu, ndugu zangu!

Mtoto mchanga ni tofauti. Moyo wake huenda haraka zaidi. Hata mapigo 140 kwa dakika kwake ni kawaida. Kwa hiyo msiogope mkisikia kifua cha mtoto kinadunda haraka, ikiwa ananyonya vizuri na hana homa.

TUJIFUNZE KUHESABU MAPIGO

Kaa chini, pumzika kidogo. Geuza kiganja kiangalie juu. Chukua vidole viwili, kidole cha shahada na cha kati. Viweke kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Bonyeza polepole. Unasikia kitu kinagonga? Hayo ndiyo mapigo. Usitumie kidole gumba kupima, maana chenyewe kina mapigo yake, kitakuchanganya.

Sasa tazama saa yenye mshale wa sekunde, au simu inayoonyesha sekunde. Hesabu mapigo kwa sekunde 30. Jumla uliyopata zidisha kwa 2. Ukipata 36, basi 36 mara 2 ni 72. Moyo wako unapiga mara 72 kwa dakika.

Tena sikiliza jambo la pili. Je, mapigo yanafuatana sawasawa, kama mtu anayetwanga kinu peke yake? Au yanakwenda ovyo, moja haraka, jingine linachelewa? Hilo nalo likumbuke. Mganga atakuuliza.

MOYO KUENDA MBIO SI UGONJWA SIKU ZOTE

Ukipanda mlima na ndoo ya maji kichwani, moyo lazima uende mbio. Ukikutana na nyoka njiani, hali kadhalika. Mwili unataka damu zaidi, na moyo unatii. Ukipumzika, mapigo hupungua polepole mpaka yanarudi kawaida. Huo si ugonjwa.

Lakini ziko sababu nyingine, na nyingi kati yake tunazo vijijini kwetu.

Ya kwanza ni homa. Joto la mwili likipanda, mapigo nayo hupanda. Hapo tunatafuta homa imetoka wapi. Yaweza kuwa malaria, yaweza kuwa ugonjwa mwingine. Pima kwanza, usibahatishe dawa.

Ya pili ni upungufu wa damu. Fikirini mama anayeteka maji kwa ndoo kubwa. Ndoo hiyo ikipotea, akabaki na kopo, itabidi aende kisimani mara nyingi zaidi ili apate maji yale yale. Moyo nao ni hivyo. Damu ikiwa pungufu, kila safari hubeba hewa kidogo, basi moyo huongeza safari. Malaria hupunguza damu. Minyoo ya safura hunyonya damu. Uzazi unaoleta damu nyingi hupunguza damu. Mama mjamzito ambaye moyo unamwenda mbio, anachoka upesi, na viganja vimekuwa vyeupe, apelekwe zahanati apimwe damu. Asiambiwe eti ni uvivu.

Ya tatu ni kupungukiwa maji mwilini, kama kwa kuharisha na kutapika. Ya nne ni tezi la shingo, lile ambalo wengine huliita rovu. Baadhi ya matezi hayo humwaga kichocheo kingi katika damu. Mtu hukonda ingawa anakula, mikono hutetemeka, hutoka jasho, na moyo huenda mbio hata akiwa amelala. Ugonjwa huo una dawa.

Ya tano ni vitu tunavyotumia wenyewe: pombe kali, tumbaku, mirungi, kahawa nyingi sana, na baadhi ya dawa. Na ya sita ni hofu na huzuni. Nazo ni sababu za kweli, hatuzidharau.

UGONJWA UNAOKUJA NA KUONDOKA GHAFLA

Sasa tufike kwenye ule ugonjwa niliousema. Watu wa hospitali huita moyo kwenda mbio takikadia. Iko ya aina nyingi. Leo nataka tuijue ile inayoanza ghafla na kuisha ghafla.

Tuseme mama mmoja amekaa anapepeta mchele. Hana homa, hakukimbia, hakuna aliyemtisha. Mara moyo, paa! Unaanza kwenda mbio. Kifua kinatetemeka, shingo inadunda, kichwa chepesi, mikono inalegea. Mapigo yanafika 150, au 180, au hata 200 kwa dakika. Yanafuatana sawasawa, ila ni ya haraka mno. Baada ya dakika kumi, au nusu saa, au saa kadhaa, moyo unatulia kwa ghafla ile ile. Mama anabaki amechoka, pengine anakojoa sana. Kesho yake ni mzima, analima.

Kwa nini inakuwa hivyo? Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Kila pigo huanza kwa cheche ndogo ya umeme katika chumba cha juu. Umeme huu hutengenezwa na mwili wenyewe. Hushuka vyumba vya chini kwa kupitia mlango mmoja tu. Ukifika chini, vyumba hujikaza, damu inasukumwa. Kisha cheche nyingine huanza juu. Huo ndio utaratibu.

Lakini wako watu ambao moyo wao una njia ya pili. Wengi wao walizaliwa nayo. Hawakuitafuta, wala hakuna aliyewaroga. Siku nyingi njia hiyo haileti shida. Ila siku moja umeme unashuka kwa mlango wa kwanza, unapanda kwa njia ya pili, unashuka tena, unapanda tena.

Fikirini mtoto mtundu katika nyumba yenye milango miwili. Anaingia mlango wa mbele, anatoka wa nyuma, anazunguka, anaingia tena. Kila akipita anagonga debe. Debe litalia haraka haraka, bila kukoma. Na je, ukifunga mlango mmoja? Mtoto anakwama, debe linanyamaza mara moja. Ndiyo sababu ugonjwa huu hukoma ghafla. Mzunguko umekatika.

Kwa watu wengi ambao moyo wao hauna kasoro nyingine, ugonjwa huu hauui. Lakini unatesa, unatia hofu, unamfanya mtu aogope kwenda shambani au kisimani peke yake. Na kwa watu wachache una hatari, hasa wanaozimia nao. Kwa hiyo usiupuuze.

KWA NINI UANDIKE?

Hapa ndipo penye shida kubwa. Mgonjwa akishikwa, anaanza safari ya kwenda zahanati. Anafika, moyo umeshatulia. Tabibu anapima, mapigo ni 76. Anasikiliza kifua, hakuna kitu. Mgonjwa anaambiwa, "Huna ugonjwa, ni mawazo tu." Anarudi nyumbani. Majirani wanasema ana pepo. Wengine wanasema amechezewa. Mume anauza mbuzi kwa ajili ya dawa za kuzindika. Mwezi wa pili moyo unakwenda mbio tena.

Msidhani mambo haya yako kwetu peke yetu. Hata katika nchi tajiri, wagonjwa wengi wa aina hii, hasa wanawake, wameambiwa kwa miaka kwamba ni wasiwasi, kumbe ni umeme wa moyo.

Iko mashine inayochora umeme wa moyo kwenye karatasi. Kipimo hicho huitwa ECG. Hakiumi. Mgonjwa hulala, akabandikwa nyaya kifuani, mikononi na miguuni, basi. Mtaalamu wa Uholanzi aitwaye Willem Einthoven alipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1924 kwa ajili ya kazi yake juu ya kipimo hiki. Lakini mashine huchora kile kinachotokea wakati ule ule. Kwa baadhi ya watu alama ya njia ya pili huonekana hata moyo ukiwa umetulia. Kwa wengine haionekani kabisa mpaka moyo uende mbio.

Basi nani atamwambia daktari yaliyotokea nyumbani? Ni karatasi yako. Karatasi hiyo ni shahidi. Maneno "moyo ulinienda mbio" hata mwenye hofu huyasema. Lakini mapigo 180 kwa dakika, kwa mtu aliyekuwa amekaa, yakaanza ghafla na kuisha ghafla, hiyo ni habari ambayo tabibu hawezi kuiacha.

Andika hivi katika daftari:

Tarehe: 12 Machi.
Ilianza: saa 3.10 asubuhi.
Iliisha: saa 3.35 asubuhi.
Mapigo: 90 katika sekunde 30, yaani 180 kwa dakika.
Yalifuatana: sawasawa.
Nilikuwa nafanya nini: nimekaa, napepeta mchele.
Kuanza na kuisha: ghafla.
Dalili nyingine: kizunguzungu kidogo. Sikuzimia.
Dawa ninazotumia: hakuna.

Ni mistari tisa tu. Kama mgonjwa hawezi kujihesabia, mwenzake amhesabie. Mapigo yakiwa ya haraka mno hata yanapotea vidoleni, weka kiganja kifuani upande wa kushoto ujaribu tena. Ukishindwa kabisa, andika saa tu. Hata hiyo inasaidia. Mwenye simu ya kupiga picha anaweza kurekodi picha ya shingo inavyodunda.

Sasa mmeona kwa nini nimekuja kuyasema haya kwenu, wahitimu wa kisomo? Katika nyumba nyingi, wewe uliyejifunza kusoma na kuhesabu ukubwani ndiye utakayeshika kalamu siku hiyo.

SIKU UKISHIKWA, FANYA HIVI

Acha kazi. Kama uko juu ya mti, juu ya baiskeli, au ndani ya mtumbwi, shuka au fika ukingoni upesi. Kaa au lala. Mwite mtu. Pumua polepole. Hesabu, andika.

Usinywe vidonge vya jirani. Hata kama yeye ana ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, dawa yake yaweza kukuangusha. Mtu asikukande shingo kwa nguvu, wala asikubonyeze macho. Hayo yana madhara.

Nenda hospitali mara moja, usingoje, ukiona jambo lolote kati ya haya:

1. Mtu amezimia au anakaribia kuzimia.
2. Kifua kinauma au kinabana.
3. Anashindwa kupumua.
4. Mdomo umepinda, mkono au mguu wa upande mmoja umelegea, au maneno hayatoki vizuri.
5. Ni mjamzito au ametoka kujifungua.
6. Tayari ana ugonjwa wa moyo, au miguu imevimba.

Kama hakuna hata moja, lakini nusu saa imepita na moyo bado unakwenda mbio, safari ianze pia. Na kwa sababu usafiri wetu ni wa shida, anza kuutafuta mapema. Afadhali gari au pikipiki irudi bure kuliko kuikosa. Na huko ukifika moyo ungali mbio, sema mlangoni pale pale: "Nipimeni sasa, kabla haujatulia." Hiyo ni nafasi ya dhahabu.

Na kama moyo umetulia, je, ukae nyumbani? Hapana. Chukua daftari lako uende zahanati siku inayofuata. Zahanati nyingi hazina mashine ya ECG. Tabibu atapima damu, homa na shinikizo la damu, kisha atakupa barua ya rufaa kwenda mahali penye mashine. Daftari nenda nalo.

IKO DAWA?

Iko. Kwa mtu ambaye daktari ameshauthibitisha ugonjwa wake, iko njia asiyohitaji kununua. Mgonjwa hukaa ameegemea nyuma, akapuliza kwa nguvu ndani ya bomba tupu la sindano, lisilo na sindano yenyewe, kana kwamba anataka kulisukuma. Hupuliza kwa sekunde 15. Mara moja hulazwa chali, wenzake wakainua miguu yake juu kwa sekunde 15. Kupuliza huko hugusa mshipa wa fahamu unaopunguza kasi ya moyo. Mlango hufungwa kidogo, na mtoto mtundu hukwama.

Mwaka 2015 madaktari wa Uingereza walitangaza matokeo ya kujaribu njia hii hospitalini. Katika kila wagonjwa 100, moyo ulitulia kwa watu 43. Waliopuliza bila kulazwa na kuinuliwa miguu, walitulia 17 tu. Lakini sikilizeni vizuri: daktari ndiye aseme kama njia hii inakufaa. Usimfanyie mtu anayezimia au mwenye maumivu ya kifua. Huyo ni wa hospitali.

Hospitalini kuna sindano ya mshipani inayoweza kukata mzunguko kwa sekunde chache. Kuna vidonge vya kuzuia usirudi. Na kuna tiba ya kupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa paja mpaka moyoni, na kuichoma ile njia ya pili ili isipitishe umeme tena. Kifua hakipasuliwi. Wengi wanaofanyiwa hupona kabisa. Tiba hiyo hupatikana katika hospitali chache kubwa tu, na ina gharama, sitawaficha. Ndiyo maana rufaa na kadi ya bima ni mambo ya kuulizia mapema. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015 kule Dar es Salaam, ndiyo hospitali kubwa ya serikali ya magonjwa ya moyo.

MOYO UNAOKWENDA OVYO

Nimesema tusikilize kama mapigo yanafuatana. Kama yanakwenda ovyo siku zote, hasa kwa mzee, au mwenye shinikizo la damu, huo ni ugonjwa mwingine. Vyumba vya juu vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu yaweza kuganda humo, bonge likasafiri hadi kwenye ubongo, na mtu akapooza upande mmoja. Iko dawa ya kuzuia damu isigande. Usingoje kupooza ndipo uende.

Kwa vijana, ugonjwa kama huo mara nyingine hutokana na koo la utotoni. Mtoto huumwa koo na homa, baadaye viungo vinavimba, na milango ya ndani ya moyo inaharibika. Kwa hiyo koo la mtoto linalouma pamoja na homa si jambo dogo. Mpeleke akapimwe. Penisilini ya bei ndogo yaweza kuuokoa moyo wake.

MANENO YA MWISHO

Ndugu zangu, anayetaka kumwombea mgonjwa amwombee. Sala haizuii mtu kwenda zahanati. Ninachokataa ni mgonjwa kuitwa mwongo, au mvivu, au mwenye pepo, kabla hata mtu mmoja hajashika mkono wake na kuhesabu.

Basi jioni ya leo, kila mmoja ahesabu mapigo ya watu wa nyumbani kwake wakiwa wametulia. Aandike jina na namba. Siku moyo ukienda mbio, mtajua kawaida yake ilikuwa ngapi.



MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara ngapi kwa dakika?
2. Umehesabu mapigo 84 kwa sekunde 30. Ni mapigo mangapi kwa dakika? Je, ni kawaida kwa mtu aliyekaa?
3. Taja dalili tatu za kumpeleka mgonjwa hospitali mara moja.
4. Katika kijiji chenu, usafiri wa mgonjwa usiku hupatikanaje? Nani apigiwe simu?